Nani Mwaminifu? Msafiri na Mchukuzi Wake, Tangu Njia ya Unyanyembe Hata Safari za Ndege

Mtu atokaye Tabora mjini hana haja ya kwenda mbali ili afike Kwihara. Ni mwendo wa kilomita chache tu. Hapo huonyeshwa tembe ambamo Henry Stanley na David Livingstone waliingia tarehe 18 Februari 1872, wakitoka Ujiji. Wageni wengi hupiga picha mlango, husoma maandishi yaliyo ukutani, kisha hurudi mjini kuiwahi ndege. Mimi nimefika hapo mara nyingi kwa ajili ya kazi yangu ya kukusanya maneno ya Kinyamwezi yaliyoingia katika Kiswahili cha biashara, na kila mara hurudiwa na swali moja. Stanley aliondoka tarehe 14 Machi, na Livingstone akabaki Kwihara hata tarehe 25 Agosti mwaka ule ule. Miezi mitano na zaidi! Nguo na shanga za kununulia chakula njiani alikuwa nazo, kwani Stanley alimwachia. Alikuwa akingoja nini?

Alikuwa akingoja wachukuzi. Tena si wachukuzi wowote, bali wale ambao Stanley aliahidi kumchagulia huko Unguja na kumpelekea. Sababu yake si ngumu kuijua. Mwaka 1866 watu aliowaajiri kutoka kisiwa cha Nzwani, wakiongozwa na mtu aitwaye Musa, walimwacha karibu na Ziwa Nyasa, wakarudi Unguja na kutangaza kwamba Mzungu wao ameuawa. Aliyekwisha kuachwa namna hiyo hachagui tena kwa haraka. Watu 57 wa Stanley walipofika mwezi wa Agosti, ndipo safari ilipoondoka.

Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi msafiri achaguavyo wa kumchukua, na kwa nini, akisha kumchagua, hurudi kwake hata kama wako wengine walio rahisi zaidi. Siku hizi jambo hili huzungumzwa sana katika habari za mashirika ya ndege, kana kwamba lilizaliwa pamoja na ndege zenyewe. Tena huzungumzwa kwa maneno ambayo, kwa maoni yangu, yamegeuzwa kichwa chini miguu juu. Mashirika hutuambia kwamba yanatafuta “abiria waaminifu.” Basi yafaa tuulize: katika Kiswahili, na katika desturi ya safari za bara, ni nani apaswaye kuitwa mwaminifu?

Tuanze na maneno. Neno mchukuzi latokana na kitenzi kuchukua, na zamani lilikuwa jina la mtu abebaye mzigo kwa ujira. Leo uchukuzi ni jina la kazi yote ya meli, reli na ndege, hata wizara imepewa jina hilo. Mwenzake, neno pagazi, halikubahatika hivyo. Limebaki na mizigo ya kichwani na begani. Asili yake ni kupagaa, yaani kubeba begani, kitenzi kile kile kinachotumika kwa mtu aliyepandwa na pepo, kwamba amepagawa. Hongo, iliyokuwa kodi halali ya kupita katika nchi ya mtemi, imeshuka cheo na kuwa rushwa. Posho, iliyokuwa chakula cha siku cha mpagazi, imepanda na kuwa fedha ya mkutanoni. Sitasema zaidi juu ya hiyo, nisije nikawaudhi wenzangu wa chuoni.

Neno ndege ladai uangalifu zaidi. Kila mtu ajua kwamba chombo kirukacho kilipewa jina la kiumbe kirukacho. Lakini katika Kiswahili cha zamani ndege alikuwa pia ni dalili: msafiri aliyekutana na jambo jema alipotoka nyumbani alisemwa kuwa amepata ndege njema, na aliyepata ndege mbaya aliweza kurudi ndani na kuahirisha safari. Hakuna mkuu wa msafara aliyeondoka bila kumwuliza mganga au mwenye kupiga bao. Na wahenga walionya, “Usisafirie nyota ya mwenzio.” Mithali hii hufasiriwa mara nyingi kuwa ni onyo dhidi ya kuiga, lakini tukiitazama katika maana yake ya kwanza, ni shauri juu ya kuchagua: bahati ya safari hii ni ya nani, nami ninajifunga na nani? Msafiri hawezi kuipima hatari kwa macho yake. Hivyo hutafuta dalili. Zamani ilikuwa ndege na nyota. Leo ni jina lililochorwa mkiani, na habari alizosikia kwa jirani.

Mwisho nilitaje neno mteja. Wauzaji wa leo hulitumia kwa kila anunuaye kitu, lakini kamusi za zamani huonyesha kwamba mteja alikuwa mtu aliye mikononi mwa mganga, anayetibiwa naye na kushika miiko yake. Hakuwa mnunuzi wa kupita. Alijiweka chini ya mtu, na mtu yule akawa na wajibu juu yake.

Sasa tuingie njiani. Richard Burton, aliyefika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, baada ya mwendo wa zaidi ya miezi minne kutoka pwani, alizigawa safari katika aina tatu: safari za Wanyamwezi wenyewe, safari zilizoongozwa na watumwa na mawakili wa matajiri, na safari zilizoongozwa na Waarabu wenyewe. (Msomaji akumbuke kwamba neno safari wakati huo lilikuwa na maana ya msafara wenyewe, watu na mizigo, si mwendo peke yake.) Katika safari za Waarabu chakula kilikuwa kingi zaidi na mapumziko ya mara kwa mara. Katika safari za Wanyamwezi mwendo ulikuwa mkali na raha ilikuwa kidogo. Walakini watoro walikuwa wachache.

Jambo hili lapingana na fikira ya kwamba mtu hufuata raha au faida tu. Mnyamwezi aliyebeba frasila mbili alikuwa na mzigo wa ratili 70, mbali na mkeka wake na chakula chake. Ni kama kilo 32; na ajabu ni kwamba uzito huo huo ndio mpaka ambao mashirika mengi ya ndege yameuweka leo kwa sanduku moja, kwa ajili ya kulinda migongo ya wapakiaji. Basi mtu mwenye kilo 32 begani, na Ugogo mbele yake, ambako maji ni machache na hongo ni nyingi, kwa nini achague safari yenye taabu zaidi? Kwa sababu katika safari ya kwao alimjua mkuu wake na alijulikana naye. Akiugua, hataachwa porini bila mtu kupeleka habari kwa mama yake. Akitoroka, jina lake litatangulia kufika kijijini kabla yake. Mkataba haukuandikwa popote, lakini ulikuwa na mashahidi kila upande.

Na huko mbele alikuwa na watani. Utani baina ya Wanyamwezi na Wazaramo na makabila mengine ya njia ya pwani umefungamana na safari hizi. Mgeni aliyefiwa au aliyeishiwa aliweza kumwendea mtani wake, akatukanwa kwanza, kisha akasaidiwa, hata kuzikiwa mfu wake. Watu wengi hudhani utani ni mchezo wa maneno tu. Ulikuwa ni bima.

Wageni wa kutoka mbali hawakuwa na mashahidi hao, kwa hiyo walichagua kwa njia nyingine: walimchagua mtu aliyekwisha kujaribiwa na mwenzao. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto na kupelekwa India, ndipo alipopata jina hilo. Alikwenda na Burton na Speke mwaka 1857. Speke na Grant walimchukua tena mwaka 1860. Stanley mwaka 1871. Cameron mwaka 1873, wakavuka bara zima hata bahari ya magharibi mwaka 1875. Chama cha Jiografia cha Uingereza kilimpa nishani ya fedha na malipo ya uzeeni. Ukisoma vitabu vya mabwana hao utashangaa, kwani malalamiko juu ya Bombay ni mengi: kwamba mkaidi, kwamba mlevi, kwamba mizigo imepotea. Hata hivyo kila aliyefuata alimtafuta yeye. Wakati wa utulivu walimlaumu. Wakati wa kuchagua walikumbuka kwamba alikwenda na akarudi. Stanley alipowaajiri Unguja, Bombay na wenzake kadhaa waliokuwa na Speke, aliwaita kwa jina ambalo kwa Kiswahili ni Waaminifu wa Speke. Tuangalie vizuri: aliyeitwa mwaminifu hapa si msafiri. Ni mchukuzi.

Na ndivyo lugha yetu isemavyo tangu asili. Uaminifu ni wa ukoo mmoja na amana. Mwaminifu ni yule aliyewekewa kitu naye akakirudisha kizima. Msafiri ndiye mwenye amana. Mwili wake, mali yake na wakati wake viko mikononi mwa mwingine. Yeye huamini, mchukuzi huaminiwa.

Kwihara yenyewe iliona ushahidi wa neno hili. Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo Zambia leo. Watu wake, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, waliukausha mwili na kuanza kuurudisha pwani. Mwezi wa Oktoba walifika Unyanyembe, wakamkuta Cameron akikaa Kwihara. Cameron aliwashauri wamzike hapo, kwa kuwa njia ya mbele ilikuwa ya hatari. Walikataa. Mwajiri wao alikuwa amekufa, na hapakuwa na mtu wa kuwadai hesabu kwa jina lake. Aliyekuwapo, afisa wa jeshi la maji la Uingereza, aliwapa ruhusa ya kuutua mzigo. Hawakuutua. Mwezi wa Februari 1874 walifika Bagamoyo nao.

Yaliyofuata hayasimuliwi mara nyingi, nayo ndiyo yanayotuhusu. Mwaka 1879 Keith Johnston na Joseph Thomson walipotaka mtu wa kuongoza safari yao kutoka Dar es Salaam kwenda Ziwa Nyasa na Tanganyika, walimtwaa Chuma. Johnston akafa njiani mwezi wa Juni, na Thomson, kijana wa miaka 21, akabaki mkuu wa watu zaidi ya mia katika nchi asiyoijua. Safari ile ilikwisha salama mwaka 1880, na Thomson hakuficha kwamba ilikwisha salama kwa ajili ya Chuma. Jina lililopatikana katika msiba mmoja lilikuwa limepata kazi katika safari nyingine.

Isidhaniwe kwamba njia ya Unyanyembe ilikuwa ya watu wema watupu. Kulikuwa na ushindani, na ushindani huleta hila. Miji ya pwani, Bagamoyo, Saadani, Mbwamaji na mingineyo, iligombea safari za Wanyamwezi zenye pembe. Wenye mji walituma watu bara, mwendo wa siku nyingi, kuzipokea safari njiani, kuwapa wakuu wake nguo na maneno matamu, ili mizigo iingie kwao isiingie kwa jirani. Aliyepewa zawadi alikuwa mkuu wa msafara, siye mpagazi mwenye pembe begani. Hilo ni la kukumbukwa.

Kwa maana hila hiyo hiyo ilirudi baada ya miaka mia, ikiwa imevaa suti. Mwaka 1978 serikali ya Marekani iliondoa amri zilizopanga nauli na njia za ndege. Mashirika yakaanza kushindana kwa bei, na kila moja likaona kwamba abiria aliyevutwa kwa bei huondoka kwa bei. Mwaka 1981 shirika la American Airlines lilianzisha mpango wa AAdvantage: kila maili uliyosafiri nalo ilihesabiwa, na hesabu ilipotosha ulipewa safari ya bure. Dunia nzima ikaiga. Ethiopian wana ShebaMiles, na kila shirika lenye nia ya kuonekana kubwa lina kadi yake. Siri ya mpango huu ni kwamba mara nyingi anayelipa nauli siye anayepata zawadi. Mfanyabiashara au mtumishi wa serikali husafiri kwa fedha ya ofisi, lakini maili huingia kwa jina lake mwenyewe. Hivyo huchagua ndege iliyo ghali na yenye kuzunguka, kwa kuwa hasara si yake na faida ni yake. Ni nguo ya mkuu wa msafara tena. Kumwita mtu wa namna hiyo “mwaminifu” ni kulidhulumu neno.

Kwetu tumeona pande zote mbili. Shirika la East African Airways, lililoanzishwa mwaka 1946, lilivunjika mwaka 1977, na Tanzania ikaunda la kwake mwaka huo huo. Precision Air ilianzishwa mwaka 1993. Mwezi wa Novemba 2012 Fastjet iliingia na nauli za chini ambazo hazijapata kuonekana, na watu wengi ambao walikuwa wa mabasi walipanda ndege kwa mara ya kwanza. Iliposimama mwezi wa Desemba 2018, niliwasikia wengi wakisikitika, lakini walichosikitikia ni nauli. Kinyume chake, Air Tanzania ilipopata ndege mpya mwaka 2016, baada ya miaka mingi ya kudhoofika, wapo abiria waliorudi kwake kwa furaha kabla hata hawajajua kama itafika kwa wakati. Wenye umri wa makamo bado huiita ATC, jina la zamani. Twiga mkiani kwao ni jambo la ukoo, na mambo ya ukoo hayaulizi bei. Nakiri kwamba nguvu hiyo ipo, nami siidharau. Lakini naona ni deni ambalo shirika limekopeshwa, nalo litalipwa kwa mwenendo.

Hapa niruhusiwe kueleza jambo langu mwenyewe. Nilipomaliza masomo ya udaktari Ulaya nilirudi na sanduku la madaftari yenye maneno niliyoyakusanya kwa wazee wa Unyanyembe. Baadhi ya wazee hao walikuwa wamekwisha kufariki nilipokuwa ng'ambo. Shirika nililosafiri nalo, ambalo silitaji, lilipoteza sanduku hilo katika kubadilisha ndege. Lilikosekana siku kumi na tisa. Katika siku hizo karani mmoja wa shirika lile, kijana, alinipigia simu kila jioni. Jioni nyingi hakuwa na neno la kunipa. “Mwalimu, shikamoo. Leo pia hatujalipata, ila tumeuliza kwenye uwanja fulani. Kesho tutauliza kwingine.” Siku ya ishirini akalileta mwenyewe mpaka mlangoni. Nilipaswa kuliacha shirika lile, kwani kosa lilikuwa lao. Tangu siku ile nimesafiri nalo kila nilipoweza, hata palipokuwa na nafuu kwingine. Shirika jingine, ambalo pia silitaji, halikupata kunipotezea kitu. Ila siku moja ndege ilipoahirishwa tulikaa kutwa nzima bila mtu kutokea kutuambia neno. Kadi yao ninayo, yenye maili nyingi. Sijaitumia.

Nilipomsimulia mzee mmoja wa Kwihara habari hizi, hakushangaa. Aliniuliza tu kijana yule alikuwa mtoto wa nani.

Nadhani swali lake ndilo lenye shabaha kuliko mengi yaulizwayo katika dodoso za mashirika, ambazo huuliza juu ya chakula, viti na tabasamu. Hayo yana thamani wakati mambo ni mazuri, na wakati mambo ni mazuri ndege zote ni sawa. Msafiri hamjui mchukuzi wake mpaka siku ya mkwamo. Siku hiyo hutazama mambo mawili: kwamba yuko mtu mwenye jina wa kumwuliza, na kwamba mtu huyo hasemi uongo.

Lakini ni lazima niseme pia kwamba penye njia moja hapana uchaguzi. Reli ya Wajerumani ilipofika Tabora mwaka 1912, mpagazi na msafiri hawakuchagua tena; walipanda gari la moshi kwa kuwa ndilo lililokuwapo. Kwa mtu wa Tabora leo ndege za kwenda Dar es Salaam si nyingi kiasi cha kumfanya akae akilinganisha, na apandaye kwa kukosa jingine asihesabiwe kuwa anapenda. Karani anayesoma hesabu za abiria hataiona tofauti hiyo. Ataiona siku njia ya pili itakapofunguka.

Limebaki jambo la lugha, nalo sijalimaliza. Ikiwa mwaminifu ni mchukuzi, basi tumwiteje msafiri arudiye kwake kila mara? Matangazo ya uwanjani husema “ndugu abiria,” na barua za mashirika husema “mteja wetu mwaminifu.” La kwanza ni zuri, lakini ni la kila mtu aliyemo ndani ya ndege. La pili nimekwisha kulikataa. Mteja, katika maana yake ya zamani, lingefaa kama lisingekwisha kutapanywa sokoni. Katika Kinyamwezi cha wazee niliowauliza sijapata neno moja lenye maana hiyo peke yake. Walinieleza kwa sentensi nzima. Msomaji ambaye kwao, iwe ni pwani, visiwani au Kongo ya mashariki, liko neno la mtu wa namna hiyo, hasa kwa mabaharia wa majahazi waliokuwa na abiria wao wa kila msimu, atatusaidia sana akituandikia, pamoja na kueleza mahali alipolisikia na umri wa aliyelisema.